Baada ya Daino: Kutyuni Datsun 1600 SSS Iliyofanyiwa Ovaholi Nairobi

Gari limeshuka daino, ile mashine ya kupima nguvu ya magurudumu, karatasi unayo mkononi, na mstari wa nguvu umepanda vizuri hadi mizunguko 6,000 kwa dakika. Hapo ndipo wengi hufunga boneti na kusema kazi imekwisha. Haijaisha. Daino imeipima injini ekseleta ikiwa chini kabisa, feni kubwa ikipuliza mbele, boneti wazi, na hakuna matatu iliyomchomekea fundi. Gari lako halitaishi hivyo. Litaishi kwenye jam ya Waiyaki Way saa kumi na moja jioni, gia ya pili, mguu umegusa ekseleta kidogo tu. Upande huo daino haikuutazama, na ndio uliobaki.

Maelezo haya yanafuata Datsun 1600 SSS ya bodi ya 510, yenye injini ya L16 ya sentimita za ujazo 1,595 na kabureta mbili za Weber 40 DCOE. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally ya 1970 kwa gari la aina hii, na mapenzi ya Wakenya kwa bodi hiyo hayajapoa. Kama bado una zile kabureta mbili za Hitachi zilizotoka nalo kiwandani, ruka mambo ya jeti (vijitundu vinavyopima mafuta), kwa sababu zako zinatumia sindano. Mengine ni yale yale.

Soma karatasi kabla ya kushika spana

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama milibari 830, ilhali pwani ni 1,013. Injini isiyo na turbo inapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 18, na nguvu inashuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Programu ya daino huzidisha matokeo ili yaonekane kama yamepimwa usawa wa bahari, na kwa Nairobi kizidishi hicho ni kama 1.2. Karatasi ikisema farasi 110, basi magurudumu yalitoa karibu 92. Hakuna aliyekudanganya, ila usiilinganishe karatasi iliyozidishwa na ya rafiki yako ambayo haikuzidishwa, mkaanza kubishana. Uliza imerekebishwa kwa kanuni gani, SAE au DIN, na uombe pia ile mbichi.

Farasi wenyewe si muhimu sana kwa kazi iliyo mbele yako. Unachotaka kutoka kwa fundi wa daino ni vitu vitatu: taimingi kamili (digrii ambazo cheche hutangulia pistoni kufika juu, zikishaacha kuongezeka) iliyotoa nguvu bora na ilisomwa kwenye mizunguko mingapi, mstari wa uwiano wa hewa kwa mafuta, na orodha ya jeti zilizobaki ndani ya kabureta siku hiyo. Ongeza swali moja ambalo husahaulika: je, filta za hewa zilikuwa zimefungwa? Kama gari lilipimwa na tarumbeta za kabureta wazi, bila filta, kisha nyumbani ukafunga filta, mchanganyiko umeshabadilika na ule mstari mzuri si wako tena.

Chuma kwanza

Usiguse kabureta kabla ya kuhakikisha injini yenyewe imetulia. Mwaga oili iliyotumika kwenye daino na ukate filta yake kwa msumeno. Fungua karatasi zake na uzitazame juani. Unga mwembamba wa kijivu ni ringi mpya zinazokaa, hilo ni la kawaida. Vipande vinavyometa kama dhahabu au shaba ni beringi, na hapo kutyuni kunasimama mpaka sampu, bakuli la oili chini ya injini, ifunguliwe. Weka oili ya madini ya 20W-50 yenye zinki ya kutosha, maana kamshafti ya L16 inasugua roka moja kwa moja na oili nyingi za magari mapya zimepunguzwa zinki.

Injini ikiwa baridi kabisa, kaza upya bolti za silinda hedi kwa mpangilio na kipimo cha kitabu cha injini yako, kisha pima tapeti. Kwa kamshafti ya kiwandani, injini ikiwa ya moto ni milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa; ikiwa baridi ni 0.20 na 0.25. Kamshafti ya rali ina kadi yake, fuata hiyo. Unahitaji spana ya 17 kulegeza nati na ya 14 kuzungusha egemeo. Usiruke hatua hii hata kama tapeti zilipimwa wiki iliyopita. Viti vya valvu vilivyosagwa upya hukaa chini kidogo baada ya joto la kwanza, shina la valvu linapanda, na nafasi inazidi kuziba. Valvu yenye nafasi kubwa itapiga kelele na utaisikia. Ile isiyo na nafasi inanyamaza, haifungi vizuri, inaungua, na utajua siku kompresheni ikipotea.

Kompresheni pia ipime sasa, ekseleta ikiwa chini na plagi zote nje. Kama kitabu kinasema 170 psi, hicho ni kipimo cha usawa wa bahari. Hapa injini nzima kabisa itasoma karibu 140. Watu wamebomoa injini nzuri kwa sababu ya tofauti hiyo. Angalia silinda dhidi ya silinda: zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, tafuta sababu.

Kama hedi ilichongwa wakati wa ovaholi, kamshafti imesogea karibu na krenkshafti, mnyororo umelegea upande mmoja, na taimingi ya valvu imechelewa. Sproketi ya L16 ina matundu matatu yenye namba 1, 2 na 3 kwa kazi hiyo hiyo. Weka pistoni ya kwanza juu kabisa, utazame mfuo wa sproketi dhidi ya alama ya bamba lililo nyuma yake. Ikiwa imechelewa, hamia tundu linalofuata. Dalili yake barabarani ni gari linalokimbia vizuri juu lakini zito kutoka chini, na wengi huishia kuisumbua kabureta isiyo na kosa.

Taimingi kabla ya mafuta

Kabureta ikirekebishwa kwenye taimingi mbaya, kazi yote itarudiwa. Anza kwa kuhakikisha alama ya puli inasema kweli. Kwenye puli zenye raba katikati, pete ya nje huteleza kadiri raba inavyozeeka, na alama huhama. Chukua plagi kuukuu, toa kauri yake, funga bolti ndani ili itokeze, na uirudishe kwenye silinda ya kwanza. Zungusha krenkshafti kwa mkono, polepole, mpaka pistoni iguse bolti, weka alama. Zungusha upande wa pili mpaka iguse tena. Weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kilele halisi. Kama hakilingani na alama ya kiwandani, paka rangi nyeupe pale penye ukweli.

Pointi za distribyuta ziwe na nafasi ya milimita 0.45 hadi 0.55. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na rota ya distribyuta inazunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu, kwa hivyo kuongeza taimingi unageuza mwili wa distribyuta kwa mwelekeo wa saa.

Sasa unganisha taa ya taimingi na uweke taimingi kamili, si ya mwendo wa chini, yaani injini ikinguruma bila ekseleta kuguswa. Tuseme karatasi inasema digrii 34. Pandisha injini hadi mizunguko 4,000, pale ambapo taimingi imeacha kuongezeka, na ufunge distribyuta kwenye 34. Ikishuka chini isome tena: ikionyesha 12, basi uzito wa ndani unaongeza 22, hali njema. Ikionyesha 4 au 5, distribyuta inaongeza nyingi mno na gari litakuwa zito kwenye kila raundiabauti ya Nairobi; inabidi mwendo wa uzito wa ndani upunguzwe. Kosa jingine ni springi laini mno: taimingi inaanza kupanda kwenye mizunguko 900, mwendo wa chini unapanda na kushuka wenyewe, na fundi anazungusha skrubu za kabureta siku nzima bila kupata kitu. Taa ya taimingi inalionyesha hilo kwa sekunde tano.

Kabureta haijui imepandishwa mlima

Hewa ikiwa nyepesi, mafuta yanayovutwa kupitia jeti hayapungui kwa kiwango sawa na hewa. Matokeo yake, kabureta iliyotoka Ulaya na jeti za usawa wa bahari huku kwetu inazidisha mafuta kwa karibu asilimia 9. Namba ya jeti ya Weber ni kipenyo cha tundu katika sehemu za mia za milimita, na mafuta yanayopita hufuata eneo la tundu, kwa hivyo asilimia 9 ya mafuta ni kama nusu ya hiyo kwenye namba. Jeti kuu ya 125 ya pwani inakuwa 120 Nairobi, au chini yake kidogo. Kwa L16 ya barabarani, mahali pa kuanzia panapoeleweka ni venturi (koo la kabureta) ya 30, jeti kuu 120, jeti ya hewa 175, mrija wa kuchanganya F16 na jeti ndogo ya mwendo wa chini 45F9 au 50F9. Kama fundi wa daino ameacha namba zilizo karibu na hizi, usizibadilishe kwa sababu ya kusoma hapa. Zake zilipimwa kwenye injini yako.

Kabla ya jeti, presha ya mafuta iwe kati ya 2.5 na 3.5 psi. Ikizidi, sindano ya floti inashindwa kufunga na mafuta yanafurika kwenye venturi gari likiwa limesimama. Floti ipimwe kwa kipimo cha aina yako halisi ya DCOE, maana matoleo yanatofautiana. Kisha, injini ikinguruma, pulizia WD-40 kwenye maungio ya manifoldi na kabureta. Mlio ukibadilika, kuna hewa inayoibwa, na hakuna skrubu itakayoirekebisha.

Kusawazisha kabureta kunataka injini yenye joto la kawaida, digrii 80 za maji, na utulivu wa eneo la kazi. Fungua fimbo inayounganisha kabureta mbili. Shikiza kipima hewa kwenye mdomo wa kwanza, soma kilo kwa saa, hamia wa pili, wa tatu, wa nne. Tuseme mbili za nyuma zinasoma 4 na za mbele 5: punguza skrubu ya mwendo ya mbele mpaka zilingane, kisha shusha zote hadi injini iwe kwenye mizunguko 900 hadi 1,000. Kama huna kipima hewa, kipande cha mpira wa maji cha nusu mita kitafanya kazi. Ncha moja mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni. Hewa inalia kama mtu anayenyonya chai ya moto, na sikio linatofautisha sauti mbili kwa usahihi usioutarajia. Milango miwili ya kabureta moja ikitofautiana sana, shafti yake imejipinda. Hilo si la skrubu, ni la mashine. Fimbo ikisharudi, pima tena kwenye mizunguko 2,000. Mara nyingi kila kitu ni sawa chini, lakini fimbo inafungua kabureta moja kabla ya nyingine, na gari linatetemeka kila unapogusa ekseleta.

Skrubu za mchanganyiko zirekebishwe silinda moja moja. Ifunge polepole mpaka silinda ianze kuyumba, ifungue mpaka injini ipande hadi mwisho wake, na usimame hapo. Hesabu umefungua mizunguko mingapi tangu ifungwe kabisa. Kwenye DCOE za zamani zenye uzi mpana, jibu zuri ni kati ya nusu na moja na robo. Kwenye mpya zenye uzi mwembamba, kati ya moja na nusu na mbili na nusu. Ukihitaji zaidi ya hapo, jeti ndogo haitoshi. Chini ya hapo, imezidi.

Na hiyo jeti ndogo ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Jina lake linadanganya: inalisha injini hadi karibu mizunguko 2,800, yaani jam yote ya Nairobi na sehemu kubwa ya safari ya kawaida. Endesha gia ya tatu, mguu mwepesi, kutoka 1,800 hadi 2,800. Gari likisita katikati kama limeshikwa shati, na geji ya oksijeni, inayosoma uwiano wa hewa kwa mafuta kutoka kwenye egzosti, ikapanda juu ya 15.5, mafuta yamepungua pale ambapo jeti ndogo inapokezana na kuu. Toka 45F9 uende 50F9, au kama unatumia F8, jaribu F9 ya namba ile ile kwanza, kwani hewa yake ni ndogo na mchanganyiko unakuwa mzito kidogo. Gari likilegea, likinuka mafuta, na plagi zikiwa nyeusi za masizi baada ya jam, enda upande wa pili.

Kukohoa unapokanyaga ghafla ni suala la pampu, si la jeti kuu. Kikohozi kikavu kupitia kabureta kinataka jeti ya pampu kubwa zaidi, 40 badala ya 35. Moshi mweusi na uzito kwa nusu sekunde vinataka ndogo.

Barabarani na geji

Tundu la sensa ya oksijeni lichomewe kwenye egzosti ili sensa iiname juu ya mlalo kwa angalau digrii 10, maji yasituame ndani yake. Asubuhi ya Jumapili, Southern Bypass kutoka Mombasa Road kuelekea Kikuyu inatosha kwa kazi hii: inapanda taratibu, kwa hivyo injini inabeba mzigo bila mwendo wa kuvunja sheria. Gia ya tatu, dereva macho mbele, mwenzake anaandika namba. Unatafuta 13 hadi 13.5 kwenye mwendo wa chini, 14 hadi 14.7 ukiendesha kwa mguu mwepesi, na 12.5 hadi 13 ukikanyaga hadi chini. Jeti kuu inabadilisha eneo lote baada ya 3,000. Jeti ya hewa inaonekana zaidi juu ya 4,500, na namba kubwa hapo inapunguza mafuta. Badilisha kitu kimoja, rudia mlima ule ule.

Geji ina mtego mmoja unaogharimu watu. Silinda ikimisi, yaani isipowaka, hewa yake inatoka na oksijeni yote bila kuungua, na geji inasoma 16 au 17 kana kwamba mafuta yamepungua. Mtu anaongeza jeti. Inamisi zaidi. Anaongeza tena. Kumbe ni waya wa plagi ulioungua kwenye egzosti, au kondensa ya bei rahisi inayokufa ikipata joto. Tundu dogo kwenye egzosti kabla ya sensa linafanya vivyo hivyo. Namba ikiruka ghafla badala ya kusogea, shuku moto wa plagi na egzosti kwanza. Silinda moja ikikufa kwenye mwendo wa chini peke yake, fungua jeti ndogo yake: ile ya 50 ni tundu la nusu milimita, na punje moja ya kutu ya tangi inaliziba. Filta ya mafuta iwe kabla ya pampu na nyingine kabla ya kabureta.

Plagi za BP6ES zenye nafasi ya milimita 0.8 bado zinasema ukweli, ila kwa petroli isiyo na risasi usisubiri rangi ya kahawia ya vitabu vya zamani. Tazama pete iliyo chini kabisa kwenye kauri, ndani, kwa tochi.

Boneti ikishafungwa, kuna joto ambalo daino haikuliona. Petroli inachemka mapema zaidi kwenye mwinuko wetu, na kabureta za DCOE zinaning'inia karibu na egzosti. Gari likikataa kuwaka dakika kumi baada ya kuzimwa, likanuka mafuta, mafuta yamechemkia kwenye bakuli. Weka vipande vya kuzuia joto kati ya manifoldi na kabureta, bati la ngao chini yake, na uhamishe bomba la mafuta mbali na redieta.

Ukishuka pwani

Jeti za Nairobi zitakuwa kavu Mombasa, yaani zitatoa mafuta pungufu, na taimingi ya Nairobi itakuwa imezidi. Hapa injini inavumilia digrii 34 bila kulalamika kwa sababu silinda haijai. Voi, kwenye mita kama 600, inajaa, na utasikia mlio wa kokoto ndani ya kopo ukikanyaga mlimani. Ukiusikia, punguza mguu papo hapo. Pistoni mpya inaweza kutoboka kabla ya Mariakani.

Kwa hivyo tayarisha kopo dogo: jeti kuu nne za 125, bisibisi, na kipande cha karatasi chenye namba zako za Nairobi. Badilisha nyumbani kabla ya kuondoka, si njiani. Kifuniko cha juu cha DCOE kinafungwa kwa nati moja ya masikio, na jeti kuu inatoka na mrija wake na jeti ya hewa kwa pamoja, dakika tano kwa kabureta. Fungua skrubu za mchanganyiko robo mzunguko kila moja, na urudishe taimingi kamili nyuma kwa digrii 3. Mpaka Emali gari litakunywa kidogo zaidi na litakuwa zito, na hilo halidhuru kitu. Kurudi, panda na jeti hizo hizo hadi Nairobi. Kesho yake weka 120, rudisha digrii 3, na usafishe plagi kabla ya kuamua kwamba kuna kitu kimeharibika.